Saa Moja Iliyoongezwa

Armelle alipoinua kichwa kutoka kwenye mchanga aliokuwa akiuparua kwa reki, kisiwa hakikuwepo. Muda mfupi nyuma alikuwa ameyaona mapaa ya nyumba na mnara wa taa upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha. Sasa palikuwa na weupe tu, weupe mzito wenye baridi ya kisimani, na ndani yake mumewe Gildas, hatua kumi mbele, amegeuka kivuli kilichoinama.

"Gildas, simama hapo hapo," alisema. "Nakuja."

Gildas akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku. "Umeingia lini huu?"

"Sasa hivi. Turudi."

"Tutulie kwanza. Ukungu wa Septemba hupita upesi. Tena maji bado yanakupwa, tuna nusu saa nzima."

Walikuwa wametoka nyumbani kwao Vitré siku tatu zilizopita kwa likizo yao fupi, ya kwanza ya wawili peke yao tangu mtoto wao wa mwisho ahame nyumbani. Walikula chaza Cancale wamekaa ukutani, wakalala Saint-Malo, kisha wakafuata barabara ya pwani hadi Granville. Pale waliliacha gari, wakapanda feri asubuhi kwenda visiwa vya Chausey, wakalale usiku mmoja na kuchimba kombe. Wiki hiyo ilikuwa ya bamvua kubwa. Maji yakipwa, bahari yote kati ya visiwa hugeuka uwanja wa mchanga, na mtu hutembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi mashua zilikuwa zikipita.

Kwenye feri, mzee mmoja mwembamba mwenye ndoo ya bati aliketi mkabala nao. Alimwona Gildas na kijitabu cha saa za maji, akamwuliza kwa adabu bahari ingeanza kujaa saa ngapi.

Gildas alipitisha kidole kwenye mstari wa siku. "Wameandika saa nane na dakika hamsini, bwana. Lakini hiyo ni saa ya majira ya baridi. Kiangazi saa husogezwa mbele, kwa hiyo unaongeza moja. Kwa hiyo tisa na dakika hamsini."

"Nashukuru sana. Mimi mtu wa bara, bahari naijua kwenye sahani tu."

"Usimshukuru sana," Armelle alisema, "ataanza kutusomea mpaka ukurasa wa mwisho." Wakacheka wote watatu. Walizungumza njia nzima habari za magoti, wajukuu na bei ya siagi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake jina.

Baada ya chakula cha mchana walimwona tena, mbali upande wa magharibi, ameinama na ndoo yake. Aliwapungia mkono. Kisha ukungu ukaja.

Armelle alitazama chini. Alama ya kiatu chake ilikuwa na maji. Akadhani mchanga umejikamua tu, akasogeza mguu, na alama mpya nayo ikajaa mara moja. Uzi mwembamba wa maji ulikuwa ukipita katikati ya mawe, ukibeba vipande vya mwani. Ulikuwa ukitoka nyuma yao, upande wa bahari.

"Gildas, maji yanajaa."

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Alikuja, akachuchumaa, akatia vidole. Saa ya mkononi ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano.

Walishikana mikono wakaanza kurudi, wakifuata alama zao wenyewe hadi zilipofutika. Kulikuwa na mikondo miwili ya kuvuka kati yao na kisiwa. Wakati wa kuja wa pili ulikuwa umewafika vifundoni. Sasa walipoufikia, maji yalikuwa ya rangi ya chuma na yakienda kasi bila kelele yoyote. Gildas aliingia kwanza. Hatua ya nne yalimfika kiunoni, ya tano yakamnyanyua. Armelle alimwona akienda pembeni kama mtu aliyesukumwa na bega, akasikia kishindo cha mwili kwenye jiwe. Akajitupa kwa kifua, akamnyooshea reki. Gildas alishika meno ya reki kwa mkono mtupu, naye akamvuta.

Chaza wa kwenye mwamba walikuwa wamempasua muundi, kidonda kirefu chenye mdomo wazi. Armelle alivua skafu yake, akaizungusha, akakaza hadi mumewe akauma meno.

"Unaweza kusimama?"

"Naweza."

"Basi twende juu. Popote palipo juu."

Waliupata mwamba kwa kupapasa. Ulikuwa na mgongo mpana uliofunikwa na mwani, na kileleni palisimama nguzo ya chuma yenye kutu, alama ya zamani ya mabaharia. Walipanda kwa magoti na viganja. Simu ya Gildas ilikuwa imekunywa maji. Ya Armelle ilikuwa kwenye begi, chumbani. Walikuwa na nusu chupa ya maji ya kunywa na kikapu cha waya chenye kombe thelathini.

Gildas alitoa kijitabu mfukoni, kurasa zimegandana. Akakifungua kwenye jalada la ndani, akasoma, akakifunga. Baadaye akakifungua tena, kama anayetarajia maneno yabadilike.

"Wamekwisha kuiongeza," alisema.

"Nini?"

"Saa moja. Imeandikwa hapa. Zote zimekwisha kuongezwa. Vijitabu vya zamani vya baba ndivyo vilivyokuwa vya kuongeza mwenyewe. Nimeongeza juu ya iliyoongezwa."

Armelle alifungua kinywa amwambie neno kali, na hapo ndipo waliposikia mtu akiita.

"Ee jamani! Bibie wa koti la njano!"

Sauti ilikuwa ya yule mzee. Haikuwa mbali. Armelle alisimama, akashika nguzo. "Tuko huku! Juu ya mwamba! Fuata sauti yangu!"

"Mko wapi?"

"Huku! Bwana wa ndoo, njoo huku!"

Gildas alichukua reki akaanza kuigonga kwenye nguzo. Chuma kililia, na ukungu ukaichukua sauti na kuirudisha kutoka upande mwingine.

"Nawasikia pande zote," mzee aliita. Alikuwa akihema. "Kuna maji mbele yangu. Saa haijafika, bwana. Uliniambia tisa na dakika hamsini."

Gildas aliacha kugonga.

"Gonga," Armelle alisema. "Gonga, usiache."

Walimwita hadi sauti zikakwaruza. Mara alikuwa kulia, mara nyuma yao. Alisema maji yamefika magotini. Baadaye akasema yako kiunoni na ameshika jiwe, lakini jiwe linateleza. Wakati huo honi ya feri ya jioni ililia ikiondoka kisiwani, ndefu, mara tatu, na kila mara ilionekana kutoka mahali tofauti.

Gildas akaanza kuvua viatu.

"Unafanya nini?"

"Yuko pale. Hatua hamsini labda. Naogelea vizuri."

"Kwa mguu huo? Kuelekea wapi? Hata hujui yuko wapi."

"Mimi ndiye niliyempa hiyo saa, Armelle."

Aliteremka hadi maji yalipokuwa. Armelle alimfuata kwa matako, akashika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, akakita visigino kwenye ufa wa jiwe. Gildas alivuta. Mkanda ulimkata vidole. Hakuachia. Sauti ilikuja mara moja tena kutoka ndani ya weupe, fupi, neno moja au mawili, na wimbi likapiga mwamba wakati huo huo.

"Amesema tusije," Armelle alisema.

"Sikusikia hivyo."

"Mimi nimesikia. Amesema, msije."

Gildas alibaki amechutama, maji yakimlamba miguu, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza ukutani. Walingoja. Kwa mbali kitu cha bati kiligonga jiwe mara mbili, kikakokoteka kidogo, kikanyamaza.

Waliita kwa saa nzima baada ya hapo. Hakuna aliyejibu.

Maji yaliendelea kupanda. Yalikula mwani, yakala ukingo mmoja baada ya mwingine, yakafika mahali walipokuwa wameketi, wakasimama. Walikunywa ile nusu chupa kwa mafunda madogo. Gildas alikuwa amevua mkanda wake. Armelle aliupitisha kwenye nguzo na kiuno cha mumewe, naye akajibana kati ya mumewe na chuma. Damu ilikuwa imepenya skafu na kutiririka ndani ya soksi. Baridi ilimwanza Gildas kwenye meno, ikamshuka mabegani, na baadaye akaacha kutetemeka, jambo lililomtisha Armelle kuliko maji. Alimpiga makofi ya mgongo. Alimlazimisha ataje majina ya barabara zote walizopita tangu nyumbani. Gildas alitaja tatu, akageuza uso magharibi.

"Umemsikia?"

"Hapana."

"Anauliza saa."

"Hakuna mtu, Gildas. Gonga."

Lakini yeye pia alikuwa akisikia. Kila maji yalipovuta pumzi kwenye ufa wa jiwe, palikuwa na mtu ndani yake anayeanza kusema neno na kukatizwa.

Maji yalikuwa yamewafika mapajani, na weupe umeanza kuwa wa kijivu, waliposikia injini. Armelle alimpokonya Gildas reki akapiga nguzo kwa nguvu zote zilizobaki, hadi mpini ukapasuka. Injini ilizimwa. Ikawaka tena, taratibu, karibu zaidi. Mashua bapa ya bati ikajitokeza, na ndani yake mwanamume mnene mwenye suruali ya mpira, Hamelin, mkulima wa kome wa kisiwani. Alikuwa akirudi kutoka kwenye vigingi anakofugia kome aliposikia chuma kikilia mahali pasipo na nyumba.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Wawili," Gildas alisema.

"Watatu," Armelle alisema. "Kuna mzee, upande ule."

Hamelin alitazama upande ule, akatazama maji. Aliwapakia, akawafunika kwa turubai, akaita kwenye redio. Kisha, bila kuambiwa, alizunguka miamba yote ya karibu injini ikiwa chini, akizima kila baada ya muda kusikiliza. Armelle alihesabu mara tisa.

Mzee aliitwa Norbert Quesnel. Hilo waliambiwa na askari wa pwani usiku ule, katika chumba cha kulia cha nyumba ya wageni, Gildas akishonwa mguu. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, wa Alençon. Boti za uokoaji zilitafuta mpaka asubuhi.

Binti yake, Sabine, alikuja na feri ya kwanza, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyevaa koti la kazini. Hakuwa na pa kungojea isipokuwa chumba kile kile. Mwenye nyumba aliwawekea kahawa na mkate mezani, na hakuna aliyevigusa. Gildas aliweka mikono juu ya meza. Kisha akamwambia. Alimwambia habari za feri, kijitabu, kidole chake kwenye mstari, saa moja aliyoiongeza. Hakujitetea. Sabine alimsikiliza akimtazama mdomo, kama anayejifunza lugha.

"Alikuwa na simu," alisema mwishowe. "Angeweza kutazama mwenyewe."

"Aliniamini mimi."

"Ndiyo. Baba alikuwa akiwaamini watu."

Baada ya hapo hakumsemesha tena. Alasiri, maji yalipokupwa, waokoaji waliukuta mwili wake kwenye mchanga katikati ya miamba miwili, mita chache tu kutoka kwenye ile nguzo. Askari wa pwani aliposema hivyo, Gildas alitoka nje. Armelle alimwona kupitia dirishani, amesimama ameelekeza uso ukutani.

Sabine alisogeza kiti chake. "Mama," alimwambia Armelle, "niambie kitu kimoja. Mlimsikia. Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

Armelle alitazama vidole vyake, mahali mkanda ulipoacha michirizi ya zambarau. Alikuwa amelirudia neno lile usiku kucha. Kila alipolirudia lilikuwa wazi zaidi, na kila lilipokuwa wazi zaidi alizidi kuliogopa.

"Mume wangu alitaka kumfuata," alisema. "Baba yako akasema, msije."

Sabine alifunika uso kwa viganja. Aliporudisha mikono chini uso ulikuwa umelegea, karibu wa msichana. "Ndivyo alivyo," alisema. "Ndivyo alivyo kabisa." Akamshika Armelle mkono kwa nguvu, na Armelle akauacha ushikwe.

Waliondoka Granville siku ya pili yake. Armelle ndiye aliyeendesha, kwa sababu ya mguu wa Gildas. Mvua ilinyesha, ikaacha. Hawakuwasha redio. Walipoipita Avranches, ghuba ikaonekana chini yao kwa dakika moja hivi, mchanga mtupu hadi upeo wa macho, maji hayapo.

"Nilikusikia unavyomwambia," Gildas alisema. "Mlango ulikuwa wazi."

Armelle alishika usukani.

"Kweli alisema hivyo?"

Palikuwa na lori mbele. Alingoja hadi likakata kona. "Sijui," alisema. "Nilisikia kitu. Nilikuwa nimekushika na nilitaka ubaki. Sijui, Gildas."

Gildas alitazama barabara kwa muda mrefu, vijiji viwili vizima. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi:

"Alisema msije. Nami pia nilisikia."

Armelle alimgeukia mara moja tu. Kule kwenye mwamba alikuwa amesema hakusikia. Gildas hakugeuza uso. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti la mkewe, mzito. Armelle alikanyaga mafuta. Hakumwuliza tena, siku ile wala miaka yote iliyofuata.