Bastola ya Bei Nafuu Ilinifungia Ndani, Mama Akinisubiri

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mama wa mtoto mmoja, nina elimu ya kidato cha nne, na nimewahi kununua bastola kwa namna ile ile ninayonunua sufuria. Niliipima uzito mkononi, nikaigonga kwa kucha, kisha nikauliza kama hakuna ya bei ya chini zaidi!

Huo ndio ujinga wangu. Nauweka mwanzoni kabisa ili anayetaka kunicheka anicheke mapema, maana huko mbele kicheko kitamkauka...

Naishi Nachingwea, pembeni kidogo ya mji, kule nyumba zinakoanza kuchanganyika na mikorosho. Mume wangu, Baba Rehema, anaendesha lori machimboni upande wa Ruangwa, na hurudi nyumbani akipewa mapumziko. Binti yetu Rehema yuko shule ya bweni. Nyumbani nabaki mimi na kuku.

Wala sikuwa nalalamika. Mimi ni mtu wa ndani. Harusi ikiwa mtaa wa pili, kwangu hiyo ni safari, nahitaji siku nzima ya kujiandaa na siku nyingine ya kupumzika. Jirani yangu Bi Somoe, ambaye ua wa mabua tu ndio unatutenganisha, hunitania kwamba siku nikifa jeneza litapigiwa magoti ndipo likubali kutoka mlangoni.

Sasa mtu wa namna hiyo akiingiwa na hofu, atakimbilia wapi? Ndani ndiko aliko tayari!

Hofu ilinijia msimu wa ufuta. Wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwangu, Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Mama wa pale alifungwa kamba, akapigwa vibaya, magunia yakabebwa mchana kweupe. Na mimi nilikuwa na magunia yangu sebuleni yakisubiri mnada. Tangu siku hiyo, kuku akidondosha ufuniko wa sufuria, mimi naingia uvunguni.

Baba Rehema aliniambia kwa simu niweke komeo la chuma na niwaombe vijana wa ulinzi shirikishi wapite kwangu. Bi Somoe alinishauri nihamie kwake mpaka ufuta uuzwe. Ushauri wote ulikuwa mzuri. Mimi nikautupa. Nilishaangalia tamthilia nyingi mno, na katika tamthilia mwanamke mwenye bastola haguswi!

Nisijionee kabisa, nilianza kwa njia ya halali. Nilikwenda ofisi ya mtendaji kuuliza. Yule baba alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, halafu akanieleza kwa upole: uanzie mtaani, upite kamati ya ulinzi, uende polisi, uchunguzwe kama akili zako ziko sawa, ufundishwe kuitumia, uwe na sanduku la chuma la kuitunzia. Na bunduki yenyewe ununue duka lenye leseni, huko mbali. Niliposikia bei, nikaona hapo mikorosho yangu yote ingehama na mashina yake.

Njiani kurudi nilijisemea, mbona wengine wanazo tu? Wasomaji wenzangu, mtu akianza kujiuliza swali la namna hiyo, ujue ameshajibu.

Nikampigia shemeji Mussa, mdogo wake Baba Rehema, anayekaa Ruangwa mjini na kuuza kila kinachouzika. Mussa nimemlea mimi. Alikuja kwangu akiwa darasa la tano, nikamshonea sare, nikamkanda kifua akikohoa. Nilimwamini kama mwanangu wa kwanza. Alicheka sana kwenye simu, akasema ataniangalizia.

Alikuja na vitu viwili ndani ya mfuko wa saruji, akavitandaza kwenye mkeka wangu wa chumbani kama mmachinga anayepanga viatu. Kimoja kilikuwa gobore lililokatwa mtutu. Kingine ni bastola nyeusi, ndogo, mpini wake umezungushiwa utepe wa fundi umeme.

"Hili shemeji litakutegua bega," alisema akilisogeza gobore pembeni. "Hii ndogo ndiyo ya akina mama."

Na mimi, bila aibu, nikaishika, nikaona imenikaa vizuri mkononi! Nikaulizia kibali. Akasema kibali kinafuata, kuna jamaa yake anakishughulikia. Akanionya nisiijaribu kamwe, kwa sababu mlio utasikika mpaka kituo cha polisi. Na ndiyo ilikuwa nafuu kuliko lile gobore. Mwanamke wa kubembeleza bei ya nyanya angeachaje?

Usiku huo... hapana, tangu jioni ile ile, sikuwa tena na amani.

Niliiweka kwenye pipa la mpunga. Nikakumbuka Bi Somoe huja kuazima mpunga na hujichotea mwenyewe. Nikaihamishia chini ya godoro, nikawa nalala nimejikunja kama kitumbua. Nikaipandisha darini, panya wakianza kukimbia huko juu nahisi wataishusha kwa pamoja! Kibali nacho kilifuata, kikafuata, mpaka leo bado kinafuata.

Nilipombana Mussa aichukue, akanijibu kwamba kitu kile hakirudishwi dukani. Nikamwambia nitakwenda kuisalimisha polisi. Akaniuliza kama najua mtu anayekutwa na silaha isiyo na kibali hufungwa miaka mingapi, na kama nataka Rehema alelewe na nani. Mtoto niliyemkanda kifua! Aliyasema hayo taratibu, kama anayenihurumia...

Basi nikanasa. Bastola niliinunua inilinde, kumbe mimi ndiye niliyeajiriwa kuilinda yenyewe.

Sikuweza kutoka, kwani nani angebaki nayo? Sikuweza kukaribisha mgeni. Bi Somoe aliyezoea kuingia jikoni kwangu bila hodi alikuta mlango umekomewa, akauliza nimemkosea nini. Nilimwambia najisikia uchovu. Rehema alipokuja likizo akataka kufagia chumba changu, nikampigia kelele mpaka akalia. Na Baba Rehema alipokuja mapumziko, akaona namfuata kila anapogeuka na sitaki afungue sanduku wala kabati, uso wake ukabadilika. Asubuhi nilimwona akitazama nyayo za watu uani, nikajua anafikiria nini. Ningemwambia nini? Kwamba si mwanaume, ni bastola?

Ufuta uliuzwa. Sebule ikabaki tupu. Nikawa nalinda kitu kinacholinda hewa!

Ndipo mama yangu alipoanza kuugua.

Mama alikuwa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, kwa mdogo wangu Fatu. Kutoka kwangu si mbali kwa mtu mwenye miguu. Fatu alinipigia akasema mama amelala, miguu imevimba, anauliza habari zangu. Nikasema nakuja. Nikafunga mkoba. Nikasimama katikati ya chumba na ile bastola mkononi, nikashindwa hatua inayofuata.

Nikiiacha, Baba Rehema anaweza kufika na kupekua. Nikienda nayo, barabarani kuna geti la ukaguzi, na msimu huo walikuwa wanafungua kila mfuko kutafuta mazao yanayotoroshwa. Nikaketi kitandani. Nikampigia Fatu nikasema mgongo umenibana.

Wiki iliyofuata nilisema kuku wana kideri. Baadaye nikasema Baba Rehema hajaniruhusu. Nilimsingizia mume wangu, mtu ambaye angenipeleka mwenyewe! Nilioka mkate wa mchele, ule anaoupenda mama, nikaupakia kwenye basi. Fatu akaniambia mama ameupokea, ameunusa, kisha akasema uwekwe, atakula nikija.

Uliwekwa mpaka ukaota ukungu.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa simu, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Njoo tu, mwanangu," alisema. "Mimi sikuulizi kitu." Nilijibu ndiyo mama, kesho. Wasomaji, mimi nilijua kesho hiyo haipo. Na nadhani na yeye alijua...

Alifariki alfajiri ya siku ya soko.

Habari za msiba hazina mlango. Kabla sijamaliza kulia, Bi Somoe alishaingia, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima. Ndivyo tunavyoishi. Mmoja anakunja mikeka, mwingine anakusanya masufuria, mwingine amepanda kwenye kiti anatafuta chungu darini! Nilimrukia yule mwanamke nikamshusha. Wote walidhani ni uchungu wa mama. Bi Somoe akasema niondoke na gari la kwanza, wao watabaki wafagie nyumba yote, vyumba vyote.

Vyumba vyote! Nikaichomoa bastola, nikaizungushia kanga, nikaisukuma chini kabisa ya mkoba.

Getini askari aliangalia ndani ya gari, akaona wanawake waliojifunga kanga kichwani, wanalia. Alivua kofia, akasema poleni, piteni. Nilijikojolea kidogo. Nakiri. Kumbe ningeweza kupita siku zote zile na mkoba uleule! Mawazo hayo yalinikaa shingoni mpaka Nambilanje.

Nilikuta jeneza limeshatoka. Uso wa mama sikuuona.

Sasa, wanaotufahamu sisi watu wa huku wanajua msiba wetu hauendi bila watani. Watani wa ukoo wetu wana haki yao: watamwigiza marehemu, watakutukana, watachukua chochote chako na kukishikilia mpaka ukikomboe, na wewe huruhusiwi kununa. Ni dawa ya majonzi. Mimi nimekua naijua. Lakini kwa kukaa ndani na bastola yangu, nilisahau kabisa kwamba mkoba hauingii msibani ukabaki wako.

Mtani wetu mmoja, bibi anayeitwa Bi Mwanaidi, alikuwa ameshavaa gauni la mama na kushika fimbo yake. Aliniona tu akaanza kuchechemea kama mama.

"Ooo, mwanangu wa Nachingwea kafika!" alisema kwa sauti ya mama hasa. "Kuku wamekupa ruhusa?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilitakiwa nicheke. Nililia. Bi Mwanaidi akaunyakua mkoba na kukimbia nao kuzunguka uwanja.

"Bibi, nipe! Nakuomba, nipe!"

"Nikomboe! Mbona mzito hivi? Umemletea marehemu jiwe?"

Nilimkimbiza. Mimi, mtu wa ndani, nilikimbia uwanja mzima huku kanga inanianguka, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo watu walivyozidi kucheka, wakaona najua kucheza utani. Fatu mwenyewe alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Bi Mwanaidi akaugeuza mkoba chini juu, akaukung'uta mkekani, mbele ya akina mama wote.

Kanga ilifunguka.

Bi Mwanaidi alidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Akaiokota, akamwelekezea Fatu kifuani, bado anacheka... Sauti iliyonitoka siku hiyo sijui ilitoka wapi. Fatu aliganda. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kuhani, alivuka mikeka ya wanawake, akamshika bibi yule mkono taratibu, akaitoa bastola, akaifunika kwa kofia yake. Hakuna aliyecheka tena.

Nilitolewa kwenye matanga ya mama yangu na gari la polisi.

Kituoni askari mmoja wa makamo aliifungua ile bastola, akaichungulia, akaniuliza niliinunua kwa nani. Kisha akaniambia kitu ambacho kiliniumiza kuliko pingu. Kile kipande cha ndani kinachogonga risasi hakimo. Kimeng'oka zamani. Haiwezi kumpiga risasi hata kuku!

Nililinda chuma kibovu. Kwa ajili ya chuma kibovu mama alinisubiri mpaka mkate ukaota ukungu...

Nilimtaja Mussa. Hajaonekana Ruangwa tangu siku hiyo, wengine wanasema amevuka Msumbiji. Mimi niko nje kwa dhamana, kesi inaendelea, na nimekatazwa kutoka wilayani kwangu bila ruhusa. Hata kaburi la mama sijarudi kulitazama. Baba Rehema alikuja kunidhamini, akatia sahihi, akaniambia neno moja tu njiani: heri angenikuta na mwanaume, angejua la kufanya. Fatu hapokei simu zangu.

Wasomaji wenzangu, nawaombeni. Ukiogopa wezi, sema na majirani, imarisha mlango, kalale kwa mwenzio. Ukitaka silaha kweli, pita njia yote ya sheria, na ikikushinda, basi imekushinda. Usiingize ndani kitu ambacho huwezi kumwonyesha mumeo wala mwanao. Na mama akisema njoo, acha mlango wazi uende! Yupi mwizi angeniibia zaidi ya nilivyojiibia?

Juzi nilimweleza Bi Somoe yote, tukiwa tunachambua mbaazi uani kwake. Nilimwambia nilikuwa na hofu, nilikuwa peke yangu, na magunia yale ya ufuta yalikuwa jasho langu. Nilitegemea atanipa pole. Alipuliza makapi, akaweka ungo chini, akanitazama.

"Mwizi angebeba ufuta, mwakani ungelima mwingine," alisema. "Mama sasa utamlima wapi?"