Mapigo Tumboni mwa Dobi

Dobi alizipenda saa za alasiri. Mvuke wa pasi ulipanda taratibu, ukatanda chumbani kama ukungu. Shuka nyeupe zilipita mikononi mwake moja baada ya nyingine. Mara nyingine hakujua kama yu macho au anaota.

Lakini mwaka huo mgongo haukumwacha aote. Maumivu yalianza kiunoni, yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Akisimama, yapo. Akilala, yapo.

"Ni kazi hii," alimwambia mkewe. "Miaka thelathini nimesimama mbele ya meza. Mgongo nao una haki ya kulalamika."

"Na mapafu yako je? Hayalalamiki kwa hizo sigara?"

Dobi alicheka, akawasha nyingine.

Alimeza dawa za maumivu. Alipaka mafuta ya kuchua. Miezi minne ikapita, na maumivu yakashuka mpaka pajani.

Siku moja alijilaza chali juu ya rundo la shuka zilizotoka kupigwa pasi. Joto lake likamlegeza. Akafumba macho, akaweka mkono tumboni. Karibu na kitovu, kitu kilikuwa kikidunda chini ya kiganja. Du. Du. Du.

"Mama watoto," akaita kwa sauti ya usingizi, "moyo wangu umeshuka tumboni."

Mkewe akaja, akagusa. Hakucheka.

"Nitamwita yule mchuaji," alisema. "Akukande tumbo na mgongo."

"Hodi!"

Alikuwa jirani yao, muuguzi, amefuata makoti yake ya kazini. Mke wa dobi akamweleza yote palepale mlangoni. Muuguzi aliingia, akaweka kiganja juu ya tumbo la dobi, polepole, bila kubonyeza.

"Shemeji, una miaka mingapi?"

"Sitini na minane."

"Sigara umeanza lini?"

"Tangu nilipoota ndevu."

"Basi mtu yeyote asikukande tumbo. Twende hospitali sasa hivi."

"Sasa hivi? Kwa mgongo tu?"

"Nisikilizeni. Kutoka moyoni unashuka mshipa mkuu wa damu. Unapita tumboni, mbele ya uti wa mgongo. Umri ukienda, hasa kwa mvuta sigara au mwenye shinikizo la damu, ukuta wa mshipa huo unaweza kulegea. Ukatuna. Ukituna sana, unagandamiza pingili za mgongo kila moyo unapopiga. Mwisho mfupa unalika, na mtu anadhani amechoshwa na kazi."

"Kama maji yanavyokula ukuta," mke alisema kwa sauti ndogo.

"Hivyo hivyo. Na ukipasuka, damu inamwagika ndani. Wengi hawafiki hospitali."

"Wanapimaje?" dobi aliuliza.

"Kwa kile kipimo cha picha wanachopimwa wajawazito. Hakiumi."

"Basi nikikutwa na pacha, mtalea nyinyi."

Walicheka, lakini mkewe alikuwa ameshamwekea viatu miguuni.

Hospitali walimpiga picha mbili, ya tumbo na ya mgongo. Daktari akawaonyesha. Mshipa ulikuwa umetuna mara nne ya upana wake wa kawaida. Nyuma yake, pingili mbili zilikuwa zimelika kama ukingo wa mto.

"Umeanza kuvuja," daktari alisema. "Damu imezuiliwa na mgongo na nyama zilizo karibu nao. Haitazuilika siku zote. Tunakupasua leo."

Dobi alichomwa sindano ya usingizi. Akajiona anatembea chini ya shuka nyeupe zilizoanikwa mpaka upeo wa macho. Upepo ulizipeperusha. Miguu yake haikugusa ardhi, na hakuna kilichomuuma.

"Umerudi?" mkewe akauliza, dobi alipofumbua macho.

"Kwani nilikwenda?"

"Saa sita nzima, mume wangu."

Walikuwa wamemwekea mshipa wa bandia. Mgongo ulihitaji subira zaidi. Alivaa mkanda kiunoni, akakatazwa kubeba ndoo. Sigara aliziacha. Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikuwa amemuuliza, "Una ndugu? Ugonjwa huu unaweza kufuata damu."

Alikuwa na kaka mmoja, seremala, mvuta sigara kama yeye. Dobi alipopata nguvu ya kutembea, akamfuata karakanani.

"Mimi sina maumivu yoyote," kaka alisema, vumbi la mbao likielea juani kati yao.

"Ndiyo maana nimekuja. Mara nyingi ugonjwa huu hauumi mpaka uwe umechelewa."

Kaka alibishabisha, mwisho akaenda naye kupimwa. Mshipa wake ulikuwa umeanza kutuna, lakini kidogo. Haukuhitaji kisu. Aliambiwa aache sigara, atibu shinikizo la damu, na arudi kupimwa kila mwaka.

Walipotoka nje, kaka aliketi kwenye benchi.

"Na kama ungengoja mpaka mwakani?" aliuliza.

"Sikungoja mwakani, kaka. Nimekuja leo."

Kaka alitoa pakiti mfukoni, akaitazama, akaitupa kwenye pipa la taka. Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakavuka barabara polepole, kama walivyokuwa wakivuka utotoni.