Chupa ya Mwisho ya Bibi

Asubuhi ambayo Bibi hakuamka, maharage ya soya aliyoyaloweka jana yake yalikuwa yamevimba ndani ya beseni, yakingoja kumenywa. Hakuna aliyeyagusa. Siku ya tatu yakaanza kunuka, Mama akayamwaga nyuma ya nyumba.

Bibi ndiye aliyekuwa akitengeneza mtindi wa soya, kwa sababu tumbo la Kitinda, mtoto wa mwisho, lilikuwa halipatani na maziwa ya ng'ombe. Mtindi wake ulikuwa mzito na laini, mchachu kwa mbali. Ukigeuza kijiko kichwa chini, haudondoki.

Wiki mbili baadaye Mama alifungua friji. "Kijiko, ile chupa ya Bibi iko wapi? Nataka chachu ya kugandishia mtindi."

Kijiko, dada yake Kitinda, aliitwa hivyo kwa kuwa hakukosekana jikoni mtindi ulipoonjwa. Chupa hiyo, yenye mtindi wa mwisho wa Bibi, alikuwa ameificha yeye mwenyewe mle frijini nyuma ya kabichi, ameiviringishia gazeti. Kila akitoka shule huifungua, huinusa, huifunga.

"Iliisha, Mama."

Mama akanunua mtindi wa soya wa dukani, akautumia kama chachu. Ukatoka chengachenga, maji yakielea juu. Kitinda alionja, akakunja uso.

"Mtindi huu unalia," alisema, akasukuma bakuli.

Siku nne alikunywa uji mtupu. Mashavu yakaanza kupungua. Siku ya tano Kijiko alifungua chupa yake na harufu kali ikampiga puani. Akaipeleka kwa Mama huku machozi yakimtoka.

"Nilikudanganya. Nilitaka kitu cha Bibi kibaki."

Mama hakugomba. Aliangalia kama kuna ukungu, hakuuona, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Lo! Mkali kuliko babu yako akikosa chai!"

Walicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Bakteria wazuri waliomo humu wana njaa," Mama alisema. "Leo tuwalishe."

Walichemsha maziwa ya soya. Kijiko alitaka kutia chachu papo hapo.

"Utawaua, mwanangu! Subiri mpaka kidole kivumilie joto."

Wakafunika sufuria kwa blanketi. Mtindi wa kwanza uliganda kwa shida. Walipochukua chachu yake na kutengeneza mwingine, ukatoka mzito. Kitinda alilamba kijiko pande zote mbili.

"Ongeza!"

Mama akamvuta Kijiko karibu. "Mwanangu, ungeniambia ukweli siku ile, ningekuelewa. Hata mimi shuka lake sijalifua. Lakini mdogo wako amekaa na njaa kwa ajili ya uongo, na chachu yenyewe nusura ife. Bibi aliipata kwa mama yake ikiwa hai kwa sababu ilitumika. Kitu chake ukikipenda, kifanyie kazi."

Siku hizi mtindi wa nyumba ile hutengenezwa na Kijiko, kila Ijumaa akitoka shule.