Picha ya Saa Kumi Jioni

Kila asubuhi, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia baraza, kumwagilia maua ya kwenye makopo, na kufuta vumbi kigoda cha Bibi kilichokaa mlangoni. Jina hilo la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe, kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Sasa Bibi alikuwa na siku tisa kaburini, lakini kigoda kiliendelea kufutwa vilevile. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa, wala wa kukikalia.

Jumamosi hiyo nyumba ilijaa pomoni. Alikuwepo shangazi, akawepo mjomba, akawepo binamu mkubwa na kompyuta yake, na mshonaji wa jirani, ambaye penye habari hakosekani hata kwa dawa. Walitaka kuchagua picha ya Bibi ya kutia kwenye fremu. Binamu alichomeka kadi ya ile kamera ndogo ya Bibi, na picha ya mwisho ikafunguka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, pale pale mlangoni. Jua lilimpiga usoni, naye alitabasamu kama mtoto aliyeficha pipi shavuni.

"Hii hii!" mjomba alisema. "Ilipigwa lini?"

"Siku ile alipougua," Chiriku alidakia. "Niliipiga mimi asubuhi, kabla hajaanza kulalamika kifua."

Binamu alibonyeza picha, akafungua taarifa zake. Mara akakunja uso. Akaisogelea kompyuta, akarudi nyuma.

"Tarehe ni ya siku ile kweli," alisema polepole. "Lakini muda ni 16:20. Saa kumi na dakika ishirini jioni."

Bibi alikimbizwa hospitali saa tano asubuhi. Saa nane mchana alikuwa amekwisha kuaga dunia. Saa kumi jioni familia nzima ilikuwa huko huko hospitalini, na nyumba hii ilikuwa imefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwenye mkoba wa shangazi.

"Sasa nani alipiga picha?" mshonaji alinong'ona. "Na huyo aliyekaa hapo ni nani?"

"Tena lile jua," mjomba aliongeza. "Mlango huu unatazama mashariki. Jioni haupati jua hata la kuanikia leso."

"Labda ni jua la huko aliko," mshonaji alisema, akavuta mtandio wake hadi kidevuni.

Wote waligeuka kutazama mlangoni. Kigoda kilikuwa kitupu. Pazia lilipepea, likakigusa kidogo, likarudi, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Chiriku alihisi vinyweleo vikimsimama.

Shangazi peke yake hakutazama kigoda. Alimtazama Chiriku.

"Mimi mizimu siijui," alisema. "Ninachojua, asubuhi ile nilikuachia mama yangu nikaenda kazini. Ukaniapia kwamba hukubanduka. Picha hii haikupigwa asubuhi. Basi ni ya zamani, nawe umeichezea ili tuamini ulikuwa naye. Ulikuwa wapi, Chiriku? Uwanjani na wenzako? Mama yangu aliumwa peke yake?"

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakikutoka kitu.

Alikimbilia jikoni. Binamu akamfuata.

"Usilie, mdogo wangu. Hizo taarifa hubadilishwa. Nipe dakika mbili niandike saa nne asubuhi, halafu niseme kompyuta ilikosea."

Chiriku alifuta machozi kwa kiganja. Saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa kweli yenyewe! Kuna ubaya gani kuandika kweli? Lakini akaona jinsi itakavyokuwa: siku watakapogundua, hakuna atakayemwamini tena, hata akisema jua linachomoza.

"Hapana, kaka. Ukiichezea, hata ukweli wangu utakuwa uongo."

Alirudi sebuleni, akaitia kadi kwenye kamera, akaichukua. "Shangazi, twende kwa fundi picha. Naye akisema nimedanganya, sitajitetea tena."

Studio ya fundi picha ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nyuso za watu zilijaa kuta zote, na Chiriku alihisi kila moja ikimfuata kwa macho. Fundi mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine utosini. Alisikiliza kisa chote bila kucheka.

"Kila picha ya kamera kama hizi ni kama barua," alisema. "Sisi tunatazama sura, lakini ndani yake kamera imeandika mambo yake: tarehe, saa, hata aina ya kamera. Taarifa hizo huitwa metadata. Simu nyingine huandika mpaka mahali ulipokuwa umesimama, kwa hiyo angalieni mnamtumia nani picha zenu." Aliiwasha kamera. "Sasa jiulizeni: kamera hujuaje saa? Haina macho ya kutazama jua. Inaandika ilichoambiwa."

Aliwaonyesha kioo chake. Kamera ilisema 17:05, yaani saa kumi na moja na dakika tano jioni. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika tano, asubuhi kweupe.

"Iko mbele kwa saa sita kamili," fundi alisema. "Nani aliitega saa?"

"Bibi," Chiriku alijibu. "Alipobadilisha betri. Alikataa kusaidiwa."

"Ilikuwa saa ngapi?"

Shangazi alijibu, sauti imepungua. "Jioni. Aliniuliza mimi. Nikamwambia saa kumi."

Fundi alipiga meza hadi miwani ya utosini ikadondoka. "Basi! Wewe ulisema kumi, yeye akaandika kumi, akachagua alama ya PM, yaani baada ya adhuhuri. Kamera haijui Kiswahili, mama! Kwake, kumi hiyo ni saa nne usiku. Haya binti, toa sita kwenye 16:20."

"10:20," Chiriku alinong'ona. "Saa nne na dakika ishirini asubuhi."

"Saa ya jua la mashariki. Na namba yake inafuata ile ya picha ya jana yake, kwa hiyo si ya zamani. Haijaguswa."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika uso kwa mikono. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, mwanangu. Mama hakuwa peke yake. Alikuwa anakuchekea wewe."

Waliporudi, mshonaji alikuwa bado anawasubiri na mzimu wake. Shangazi alipita mbele ya wote, akakaa kwenye kigoda cha Bibi.

"Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo," alisema. "Mtoto huyu angeweza kuponyoka kwa uongo mdogo, akachagua kusimama na ukweli hata ulipoonekana kumgeuka. Na mimi nimefundishwa ukubwani: kabla ya kumhukumu mtu kwa maandishi, uliza kwanza nani aliyaandika, na alitumia saa gani."

"Kwa hiyo hakuna mzimu?" mshonaji aliuliza, kwa masikitiko kidogo.

"Yupo," Chiriku alijibu, mdomo umekwisha kurudi. "Anasoma saa kwa Kiswahili."