Unga wa Wimbi Ndani ya Rejeta

Siku ya soko pale Sigowet, mwaka wa 1934, gari la kijani la Bwana Pringle, mwenye shamba la chai, lilipanda mlima kutoka Sondu likifuka mvuke, likazimika mbele ya meza ya Wacera, muuza uji. Mbuzi walikata kamba. Watu waliacha viazi wakaja kutazama. Wacera hakuinuka, alikuwa na wateja, na gari la mzungu halijawahi kumnunulia hata kikombe.

Lilikuwa gari la mashindano, refu, limelala chini, boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Mbele ya rejeta, pale pale upepo unapoingia kupoza maji ya injini, Bwana alikuwa amefunga taa mbili kubwa kama sinia, kwa urembo tu. Alishuka uso umemwiva, akamwamuru fundi wake aimwagie injini maji mara moja.

Fundi huyo alikuwa Kepher Ojwang, kijana mrefu wa upande wa ziwani, aliyejifunza kazi katika karakana ya reli kule Kisumu. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi, na shingoni alifunga skafu nyekundu. Alilitazama gari, akaketi chini barabarani.

"Chuma ikiwa moto hivi, ukiimwagia maji baridi inapasuka," alisema. "Tutangoja ipoe, Bwana."

Bwana akasema yeye hangoji. Kepher akamjibu kwamba basi amwage mwenyewe, na ikipasuka asiulizwe mtu. Wacera akaweka kata chini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hajawahi kumsikia mtu akimwambia mzungu neno kama hilo bila kunong'ona. Bwana alipoenda zake kuvuta sigara, Kepher alijipangusa mavumbi, akaja mezani.

"Dada, naomba maji. Ya moto kidogo, kama iko."

"Hii ni ya uji."

"Basi na uji pia. Gari itakunywa maji, mimi nitakunywa uji."

Wacera alijitahidi asicheke, akashindwa.

Tangu siku hiyo, kila Kepher alipopita alipiga honi mara mbili penye kona, na Wacera alijua amimine kikombe. Kepher alimwita nyar Nganga, yaani binti Nganga kwa Kijaluo. Naye akamwita Bwana Mvuke. Akiwa anakunywa alimweleza mambo ya injini. Huku juu maji huchemka upesi kuliko kule ziwani, alisema, kwa hiyo injini yenye nguvu namna ile haitaki mchezo. Maji ya mto yanaacha ukoko ndani ya rejeta, afadhali ya mvua. Na zile taa zinaziba upepo. Alikuwa amemwambia Bwana mara tatu, na mara tatu ameitwa mjinga. Wacera alisikiliza kila neno, kwa sababu alikwisha kumpenda, na mtu akipenda hata habari ya rejeta huwa tamu.

Kizuizi kilikuwa baba. Zacheus Nganga, mwenye duka na mzee wa kanisa, hakuficha lake. Alisema mtu wa ziwani hatakanyaga kwake, na akiwa hana kazi asipite hata barabarani. Wacera alimjibu kwamba kazi anayo. Kila kitu kilisimama juu ya neno hilo.

Bwana Pringle akatangaza kwamba Jumamosi atashindana na jirani yake kutoka Sondu hadi Kericho. Siku moja kabla, Kepher alisimamisha gari karibu na meza, akaenda kwenye duka la Mhindi kutafuta mpira wa rejeta. Wacera akaona matone chini ya gari. Aliwahi kuwasikia madereva wa malori wakisema unga kidogo huziba rejeta inayovuja. Alikuwa na nini mwanamke huyu, kama si unga? Akakizungusha kifuniko cha rejeta, akatia konzi mbili za wimbi, akafunga. Matone yalikoma. Akajipongeza, akanyamaza, amshangaze siku akishinda.

Jumamosi gari lilichemka kabla halijafika Sigowet. Kifuniko kiliruka, povu la kahawia likafunika kioo, na barabara yote ikanukia uji.

Wiki tatu honi haikulia. Wacera alijua Kepher ameutambua ule unga, tena ni unga wake, na akaamini amemchukia. Alilia kwa siku mbili. Siku ya tatu akakasirika, maana hata mwizi huulizwa kabla ya kuhukumiwa. Kumbe Wacera hakujua lolote. Yunia, mchuma chai aliyekuja kunywa uji, ndiye aliyemweleza: Bwana alipouliza nani ametia unga, Kepher alisema ni yeye. Sasa anabeba kuni za tanuri katika kiwanda cha chai cha Bwana, na Bwana amekizuia kipande chake cha kazi, hataki kukitia sahihi. Bila sahihi ya kuachishwa hakuna mwingine atakayemwandika kazi. Akiondoka hivi hivi atakamatwa kama mtoro.

Wacera hakumaliza kumimina. Alivaa gauni lake la manjano lenye kola nyeupe, la Jumapili, akapanda hadi barazani kwa Bwana Pringle. Hakupita mlango wa jikoni.

"Unga ni mimi nilitia," alisema. "Huyo fundi amebeba makosa yangu. Lakini gari yako ilichemka hata kabla ya unga wangu, Bwana. Ni hizo taa zako."

Bwana alimwambia atoke. Hakutoka. Alimwambia rejeta isafishwe kwa magadi, ijazwe maji ya mvua, taa zitolewe, Kepher alipandishe gari kutoka Sondu hadi Sigowet. Likichemka, amfunge yeye Wacera; lisipochemka, atie sahihi kipande cha Kepher. Bwana alikuwa mtu wa kamari kuliko mtu wa haki, na jirani yake bado alikuwa anamcheka. Akakubali, watumishi wake wakisikia.

Walisafisha pamoja, Wacera akikoroga magadi kwenye maji ya moto, Kepher akiyamimina na kuyamwaga hadi yakatoka meupe.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Wacera aliuliza.

"Niliona aibu, nyar Nganga. Kazi ya ufundi sina, na baba yako alisema."

"Na mimi, uliniuliza?"

Kepher akainama, akamimina maji mengine.

Kule Sondu, alipowasha injini, Wacera aliingia akaketi kwenye kiti cha ngozi cha Bwana, akakunja gauni lake vizuri. Kepher alisema wakionekana itakuwa kesi. Wacera akamwambia endesha. Wakapanda, kona baada ya kona, upepo ukiingia moja kwa moja katika rejeta, na wachumaji wakisimama kati ya michai kuwatazama. Mvuke haukuonekana.

Bwana Pringle alikuwa sokoni, saa mkononi. Alimtazama Wacera katika kiti chake, akatazama rejeta. Mwishowe akasema vema, kesho zirudishwe taa.

"Mimi sirudishi," Kepher alisema. "Weka sahihi kwa kipande yangu, Bwana. Nimemaliza."

Soko lilikuwa linasikiliza. Ahadi ilitolewa mbele ya watu, na Bwana akatoa kalamu.

Bwana alipokwisha kuondoka, Kepher alibaki barabarani na kipande chake, bila gari, bila kazi. Alisema kuna mwenye malori kule Kapkatet anayetafuta fundi. Kisha akasema anataka kumwoa Wacera, na akalisema mbele ya wanunuzi wa viazi.

"Nimekubali zamani," Wacera alisema.

"Baba yako je?"

Wacera alimtazama Zacheus Nganga, aliyekuwa ametoka mlangoni mwa duka lake, shingo imemvimba, akija kwao kwa hatua ndefu. Akamshika Kepher mkono, akamketisha kwenye benchi la uji, naye akaketi kando yake.

"Atachemka," alisema. "Tusimmwagie maji baridi. Tungoje apoe."