Aliyeitika Msituni

Mpaka leo ukitaja jina la Rogers mbele ya Mwamvita, jirani yetu wa Kihonda, anatema mate chini. Usimlaumu kabla hujasikia yaliyomkuta.

Ilikuwa Jumamosi, masika yanaishia. Kikundi cha matembezi cha mtaani kilipanda Mgeta, na Mwamvita ndiye aliyewaongoza, kwani huko ndiko kwao upande wa mama. Alimchukua na binti yake Shukuru, aliyebakiza wiki chache aolewe. Milima ilikuwa kijani tupu, njegere zimechanua, maji yanateremka kila korongo. Kijijini walinunua karoti zilizotoka kuoshwa mtoni, wakatafuna huku wakipiga picha bustani za watu. Shukuru aliimba njia nzima.

Ukivuka kijiji kuna msitu mdogo wa ukoo, walikozikwa wa kale. Njia inapita katikati yake. Kabla ya kuingia, Mwamvita akawasimamisha.

"Humu hatuitani majina. Ukimtaka mwenzio, piga makofi. Jina likitajwa humu, anaweza akaitika asiyeitwa."

Rogers, mwenyekiti wa kikundi, mtu wa kujua kila kitu, alicheka. "Mama Shukuru, zama hizi bado mnaogopa miti?"

Mwamvita alikasirika, akameza. Hilo ndilo linalomuuma mpaka kesho, kwamba alimeza.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Walitembea kimya, mmoja nyuma ya mwingine. Shukuru alikuwa nyuma ya mama yake, ameshika pindo la kitenge. Rogers alibaki mwisho kabisa, simu mkononi, anarekodi. Kisha akapaza sauti, makusudi.

"Shukuru! We Shukuru!"

"Abee."

Ilikuwa sauti ya Shukuru. Ilitokea kulia, kwenye miti.

Mwamvita aligeuka. Binti yake alikuwa pale pale, mkono kwenye kitenge, midomo imefumba.

"Umeitika wewe?" alinong'ona.

Shukuru akatikisa kichwa. Akafungua kinywa aseme. Hakikutoka kitu.

Mwamvita alimfuata Rogers, akamkunja shati. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini wewe?" Rogers hakuwa anacheka tena. Alisema ulikuwa utani tu. Utani, kwa mtoto wa mwenzio.

Hospitali walisema koo ni zima. Abeid, kaka yake Mwamvita, mtunzaji wa msitu ule, aliingia humo kuwaomba wazee wa kale. Alirudi macho mekundu.

"Kilichoitwa kimeitika, dada. Sasa kinangoja kuitwa tena. Jina hilo lisitajwe, popote pale."

Basi nyumbani wakawa wanamwita kwa makofi. Mchumba hakurudi nyuma, alisema atamwoa hivyo hivyo. Mwamvita alipita kwa kila mgeni wa harusi, mmoja mmoja, akimsihi. Binti ataulizwa bila kutajwa jina, naye ataitikia kwa kichwa. Wote walisema wamesikia.

Siku ya ndoa ilikuwa ya jua kali. Shukuru alikaa kitandani, amefunikwa ushungi, mama yake pembeni, dirisha wazi nyuma yao. Wakaingia mashahidi, wakiongozwa na mzee Rehani, mjomba wa bwana harusi.

"Shikamoo, mzee," Mwamvita alisema. "Kumbuka tulivyokubaliana."

"Marahaba. Lakini mwanangu, ndoa haifungwi kwa bubu asiye na jina. Hayo ni mambo yenu ya milimani."

Mwamvita akainuka amzibe mdomo. Alichelewa.

"Shukuru, umekubali kuolewa?"

Shukuru alimshika mama yake mkono. Alitikisa kichwa kukataa. Alitikisa sana, machozi yanamtoka.

"Abee," ikasema sauti dirishani. "Nimekubali."

Mzee Rehani hakuwa akitazama. Alikwishageuka kwenda barazani, ameridhika. Amesikia kwa masikio yake, alisema. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, na Mwamvita alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, watu wakidhani ni uchungu wa mama. Hakuna aliyemsikiliza. Tena.

Kihonda mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Lakini nyuma ya nyumba, mchanga mkavu ulikuwa na nyayo za miguu mitupu, za udongo mwekundu uliolowa, udongo wa kule Mgeta. Zilitoka uani hadi chini ya dirisha.

Za kurudi hazikuwepo.