Mikono ya Wajina

Glavu za kuazimia zilikuwa uvumbuzi wa ajabu kweli. Unazivaa, unataja jina la mwenye ujuzi, yeye akiridhia, papo hapo mikono yako inajua anachojua yeye: kusuka ukili, kushona suti, kupara samaki bila kujikata. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ujuzi haunakiliwi, unahama. Na ukirudi kwa mwenyewe hurudi umepungua, kama sukari iliyoazimwa na jirani.

Ndiyo maana kila fundi wa Kituo cha Anga, kule juu kabisa ya Tanga, aliacha sehemu ya ujuzi wake ghalani ardhini, akiba ya siku ya hofu. Siku ya hofu ya Riziki Shomari ilimkuta saa ya chai. Alikuwa nje ya kituo akikaza nati, kamba yake ikakatika, naye akaanza kuelea kwenda zake taratibu, kama mtu anayetoroka sherehe kabla ya mchango.

Buibui, roboti ya uokoaji, ilikuwa na kamba moja ya kumrushia. Ikimpita, basi. Riziki hakuiamini tena mikono yake, akakumbuka akiba yake kule ghalani.

"Nipe mikono ya Riziki Shomari," akaiambia glavu aliyovaa, na kwa kiwewe akasahau kutaja namba yake ya kazi.

Glavu haikubishana. Ikawapigia akina Riziki Shomari wote waliosajiliwa nchini.

Wa kwanza kupokea alikuwa mpambaji wa maharusi kule Kondoa, rangi ya piko mkononi. Alipoelezwa, akasema vidole vyake vinajua maua tu, asije akampamba mtoto wa watu badala ya kumwokoa. Lakini hakukata simu. Akabaki akimwombea dua. Wa pili alikuwa mwanamume, anahema, yuko mazoezini: kipa wa timu ya Mkonge.

"Wajina, kamba inatokea upande gani?"

"Kushoto. Lakini kaka, mimi nilitaka akiba yangu, mikono ya fundi."

"Fundi atafanya nini hapo? Hiyo ni penalti. Chukua yangu."

Glavu ikaanza kumsomea onyo la sheria, kwamba ujuzi huenda usirudi wote. Kipa akaikatiza.

"Nikwambie ukweli," Riziki alisema, "mimi ni shabiki wa Nanga, watani wenu wa jadi."

Kipa akaguna.

"Mungu naye ana utani. Haya chukua, kabla sijabadili mawazo."

Kamba ilikuja vibaya, juu, inajipinda. Mikono ya Riziki ikaondoka kabla hajaiamrisha, mwili ukaifuata nyuma kama mkia. Akaidaka.

Wiki iliyofuata ilikuwa fainali, Mkonge na Nanga. Riziki, aliyekwisha kushushwa ardhini, alikaa uwanjani na jezi yake ya bluu ya Nanga, amebanwa na wajomba wanaoruka kwa furaha, akitazama mipira ikimpita yule kipa mikononi kama maji kwenye chekecheo. Nanga wakachukua kombe. Mashabiki wa Mkonge wakasema kipa wao amehongwa. Hakujitetea.

Kesho yake Riziki alimfuata kwake Ngamiani, akiwa na kapu la vitafunwa, maana kwa wajina hakuendwi mikono mitupu. Akamsihi wavae glavu, amrudishie chake. Wakajaribu, wakajaribu tena. Glavu ikasema kilichobaki kwa dada kimeota mizizi.

Kipa akala kitumbua, akafikiri. Kisha akamwambia asimame kati ya mipapai miwili uani, akaweka mpira chini, akapiga. Riziki akaruka, akaudaka. Akapiga wa chini, ukadakwa. Akapiga kushoto kabisa, kule kwenye kona, na fundi wa anga aliyekuwa akikwepa kucheza mpira tangu shule ya msingi akajinyoosha hewani, akaunasa kwa ncha za vidole.

Kipa alisimama, mikono kiunoni, akitabasamu kama mzazi aliyemwona mwanawe akihitimu.

"Hiyo ya kushoto," alisema polepole, "kuijifunza kulinila utoto wangu wote. Nilidhani imepotea. Kumbe ipo, nzima kabisa. Ahsante, wajina, kwa kunitunzia."

Riziki alikuwa amekuja na hotuba nzima ya shukrani, akaianzia mwishoni. Machozi yalikuwa yanamzibia mpira.

"Ahsante ni yangu mimi," alisema. "Wewe umenipa..."

"Usinishukuru," alisema kipa, akirudi nyuma kupiga mwingine. "Daka."